Tabia za Nchi za Ulimwengu na Makao ya Mkarafuu

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi yetu yako masuali mawili ambayo hurudi mara kwa mara. La kwanza ni hili: ikiwa mkarafuu ni mti wa nchi za joto, mbona haupandwi kila penye joto? Jua liko Maskati, liko Mogadishu, liko Dodoma, na huko kote hatusikii habari ya shamba la karafuu. Suali la pili ni kama kinyume cha la kwanza: ikiwa mkarafuu wapenda mvua, mbona mvua ikizidi ni sisi wenye mikarafuu tunaolia mwanzo?

Jawabu la masuali yote mawili ni moja, nalo limo katika elimu ya tabia za nchi za ulimwengu. Tumeonelea vyema kuieleza katika toleo hili, kwani siku hizi neno limezagaa vijijini kwamba "nchi imebadilika", na wako wenzetu ambao kwa neno hilo wanataka kung'oa mikarafuu yao wapande kitu kingine. Kabla mtu hajatia shoka katika mti uliopandwa na babu yake, ni haki yake ajue neno hilo lina maana gani, na lapimwaje.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Hali ya hewa ni ya leo na kesho: leo kuna mawingu, kesho kutapambazuka jua. Tabia ya nchi ni mazoea ya mahali kwa miaka mingi, na wataalamu wa ulimwengu wamekubaliana kuyapima kwa miaka 30. Ni kama mtu na tabia yake. Mtu mpole aweza kukasirika siku moja, wala hatusemi kwa hasira ya siku moja kuwa tabia yake ni ukali. Mvua moja kubwa katika kaskazi haijawa tabia ya nchi.

IKLIMU SABA ZA WATU WA ZAMANI

Hamu ya kuzigawa nchi kwa tabia zake ni ya kale sana. Wayunani walikuwa na neno "klima", maana yake mwinamo, kwani waliona kwamba kadiri mtu aendavyo kaskazini ndivyo jua linavyozidi kumwinamia. Waarabu walilichukua neno hilo likawa "iklimu". Mwaka 1154, huko Sicilia, bingwa wa jiografia al-Idrisi alimaliza kitabu na ramani alizomfanyia Mfalme Roger wa Pili, na dunia akaigawa iklimu saba kuanzia mstari wa Ikweta kwenda kaskazini, na kila iklimu akaikata mafungu kumi.

Ulikuwa ni mgawo mzuri kwa zama zake, lakini una upungufu mmoja. Ulihesabu umbali wa kutoka Ikweta peke yake. Lau umbali huo ungekuwa ndio kila kitu, basi Mogadishu, ambayo iko karibu zaidi na Ikweta kuliko Pemba, ingekuwa na mvua kutushinda. Nayo hupata kiasi cha milimita 400 tu kwa mwaka, na Pemba yetu hupata kiasi cha 1,900. Kilimanjaro nao uko kusini ya Ikweta kwa digrii 3 tu, na kileleni kwake kuna barafu. Basi yako mambo mengine.

MAMBO MANNE YAFANYAYO TABIA YA NCHI

Jambo la kwanza ni jua. Katika Ikweta jua hupiga wima, hewa ikapata joto, ikapanda juu na mvuke wake. Ikifika juu hupoa, na mvuke hugeuka mvua. Hewa hiyo, ikiwa imekwisha mwaga maji yake, huenea kaskazini na kusini, kisha hushuka tena chini kwenye kiasi cha digrii 30 kila upande, nayo ni kavu. Tazama ramani utaona kuwa hapo ndipo yalipo majangwa makubwa: Sahara, Uarabuni, Kalahari na Australia ya kati.

Mkanda huu wa mvua haukai mahali pamoja, hulifuata jua. Sisi wa Pemba jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na mvua huja nyuma yake. Hiyo ndiyo asili ya masika na ya vuli. Kwa wenzetu wa kusini na magharibi ya Tanzania bara, mapito hayo mawili ya jua yamekaribiana, na mvua zao zimeungana zikawa msimu mmoja, kutoka kiasi cha Novemba mpaka Aprili.

Jambo la pili ni upepo. Hili hatuna haja ya kufundishwa sisi, tuliozaliwa baina ya kaskazi na kusi. Neno letu "msimu" limetoka katika Kiarabu "mausim", na neno hilo hilo mabaharia wa Kireno walilichukua kwao, na kutoka kwao likaenea katika lugha za Ulaya kuwa jina la pepo hizi za Bahari ya Hindi. Upepo wa baharini ukiingia nchi kavu huleta mvua. Ukipita sambamba na pwani, kama upitavyo pwani ya Banadiri, hauachi kitu kikubwa. Hiyo ni sababu moja ya ukavu wa Mogadishu. Nyingine ni kwamba wakati wa kusi maji baridi ya chini hupanda juu katika bahari ile, na juu ya maji baridi mawingu ya mvua hayajengeki kwa urahisi.

Jambo la tatu ni bahari yenyewe. Maji hupata joto polepole na hupoa polepole, kwa hivyo kisiwa hakijui joto la kupindukia wala baridi ya kupindukia. Kwetu, baina ya mwezi wa joto na mwezi wa kipupwe tofauti ya wastani ni digrii chache tu. Lakini Verkhoyansk, katika Siberia ya Urusi, mbali na bahari za joto, wastani wa Januari ni kiasi cha digrii 45 chini ya sifuri, na Julai ni kiasi cha digrii 16 juu yake. Mikondo ya bahari nayo ina kazi yake. Labrador ya Kanada iko karibu usawa mmoja na Uingereza, lakini bahari ya Labrador hufunga barafu wakati wa baridi, na Uingereza hupata hewa laini iliyopita juu ya maji ya uvuguvugu.

Jambo la nne ni kimo. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kwa wastani wa kiasi cha digrii 6 na nusu. Ndiyo maana mtu apandaye Kilimanjaro huanza katika migomba na mibuni, akapita msitu, akapita majani mafupi, akafika penye mawe na barafu. Kwa safari ya siku chache huwa ameziona tabia za nchi ambazo kwa njia ya tambarare zingemhitaji safari kutoka Ikweta hadi karibu na ncha ya dunia.

MTI NDIO KIPIMO

Mtu aliyeyaweka mambo haya katika mpango unaotumika hata leo aliitwa Wladimir Köppen. Alizaliwa St. Petersburg mwaka 1846, akasoma elimu ya mimea, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika ofisi ya mambo ya bahari ya Kijerumani huko Hamburg. Mwaka 1884 alitoa ramani ya mikanda ya joto ya dunia, mwaka 1900 akatoa mgawo wake wa tabia za nchi, na aliendelea kuusahihisha mpaka karibu na kufa kwake mwaka 1940. Baada yake Rudolf Geiger aliuendeleza.

Sisi wakulima twapasa kumpenda bwana huyu, kwani alishika njia yetu. Aliona kuwa mti hausemi uongo. Penye mnazi pana joto la mwaka mzima. Pasipoota mti wowote pana baridi kali au ukame mkali. Akatafuta hesabu za joto na mvua zinazolingana na mipaka ya miti, akaipata milango mitano, akaipa herufi A, B, C, D na E.

Mlango wa A ni wa nchi za joto na mvua, ambako hata mwezi wa baridi kabisa wastani wake haushuki chini ya digrii 18. Hapa ndipo penye mnazi, mpira, kakao na mkarafuu.

Mlango wa B ni wa nchi kavu, nao una hekima yake. Köppen hakutazama mvua peke yake, alitazama mvua na joto pamoja, kwani jua kali hurudisha maji angani kabla mizizi haijayanywa. London hupata kiasi cha milimita 600 za mvua kwa mwaka, na Dodoma haiko mbali na kiasi hicho. Hata hivyo London ni majani mabichi mwaka mzima, na Dodoma ni nchi kavu. Mvua ya London hunyunyiza mwaka mzima chini ya jua hafifu. Ya Dodoma huja yote baina ya Desemba na Aprili, kisha jua huinywa. Lakini ukavu huo huo ndio unaowapa watu wa Dodoma zabibu. Kila tabia ya nchi ina riziki yake.

Wengi wetu tuna jamaa Omani, nao hutuletea tende. Mtende ni mti wa mlango wa B. Waarabu husema kuwa hutaka miguu yake iwe majini na kichwa chake kiwe motoni, yaani maji ya mfereji mizizini na jua kavu juu, kwani tende ikinyeshewa wakati wa kuiva huharibika. Maskati hupata kiasi cha milimita 100 tu kwa mwaka. Lakini nenda Salalah, kusini ya nchi hiyo hiyo, utakuta minazi na ndizi, na kutoka Juni mpaka Septemba milima yake hufunikwa na ukungu na manyunyu ya kharif. Ni upepo ule ule wetu wa kusi, uliotupita sisi ukavuka bahari, ukawafikia wao.

Mlango wa C ni wa nchi za wastani. Hapa pana namna nyingi, na mbili zatosha. Ulaya ya magharibi hupata mvua kila mwezi. Nchi za pwani ya Bahari ya Kati, pamoja na Cape Town na Chile ya kati, hupata mvua wakati wa baridi na ukavu wakati wa joto, na huko ndiko kwenye zeituni na zabibu.

Mlango wa D ni wa nchi za baridi kali na kiangazi kifupi cha joto, kama Urusi na sehemu kubwa ya Kanada, zenye misonobari na ngano. Mlango wa E ni wa barafu: hata mwezi wa joto wastani wake haufiki digrii 10, na mti hauoti. Katika kituo cha Vostok, bara la kusini la barafu, tarehe 21 Julai 1983 ilipimwa baridi ya digrii 89.2 chini ya sifuri, nayo ni baridi kubwa kuliko zote zilizopata kupimwa na kituo cha duniani.

VYUMBA VITATU VYA MLANGO WETU

Sasa turudi katika mlango wa A, kwani ndani yake mna vyumba vitatu, na hapo ndipo lilipo jawabu letu.

Chumba cha kwanza ni cha mvua ya kila mwezi. Hata mwezi mkavu kabisa haukosi milimita 60. Singapore imo humo, na sehemu kubwa ya misitu ya Kongo na ya Amazon. Chumba cha pili ni cha mvua za msimu: miezi ya mvua nyingi sana, kisha miezi ya upungufu, lakini ardhi haijakauka kabisa. Pwani ya Malabar ya Bara Hindi imo humo. Chumba cha tatu ni cha nchi za mbuga, ambako kiangazi ni kirefu na majani hugeuka manjano, kama sehemu kubwa ya Tanzania bara.

Jumla ya mvua ya mwaka mzima yaweza kuwa sawasawa katika vyumba viwili, na tabia zake zikawa mbali kabisa. Hesabu inayovitenganisha ni wakati wa mvua kuja na wakati wa kusita. Visiwa vyetu vina masika, vina vuli, na baina yake vina miezi ya kupumua. Hatumo katika chumba cha kwanza, na twakaa karibu na ukuta baina ya cha pili na cha tatu.

Mkarafuu nao wataka nini? Wataka mambo matatu. Wataka joto lisilokatika, kwani ni mti wa mlango wa A na baridi ya barafu huuua. Wataka mvua ya kutosha, na khasa ukiwa mche, kwa kuwa mizizi yake ni mifupi na ukame wa kiangazi kimoja waweza kuumaliza. Na wataka kipumuo, yaani miezi ya mvua chache, ili mti upumzike na majani, ujitayarishe kuzaa vikonyo.

Na sisi wenyewe twaongeza jambo la nne, ambalo mti haulijui: jua la kuanikia. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 kavu, na maji yaliyobaki hayana budi kuondoka majamvini kwa siku nne au tano za jua zuri. Karafuu ikinyeshewa au ikirundikwa mbichi huchemka, hufanya ukungu, hupoteza rangi na daraja. Mti waomba mvua, na jamvi laomba jua, na mkulima husimama baina yao.

Ndugu, hilo ndilo jawabu la masuali yote mawili. Maskati ina jua la jamvi na haina mvua ya mti. Penye mvua ya kila mwezi bila ya kusita, mti hupata maji na jamvi halina siku zake. Mkarafuu hukaa penye vyote viwili, kila kimoja kwa zamu yake.

MKARAFUU ULIPOFIKA

Ndiyo sababu nchi za karafuu ni chache. Asili ya mti ni visiwa vidogo vya Maluku, katika Indonesia ya leo: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwa karne nyingi karafuu zote za dunia zilitoka huko, na Waholanzi walizilinda kwa silaha. Mwaka 1770 wajumbe wa Mfaransa Pierre Poivre walifanikiwa kuitoa miche wakaipeleka Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mapema katika karne ya 19, na jina la Saleh bin Haramil al-Abri ndilo linalotajwa katika habari hiyo. Sayyid Said bin Sultan aliusukuma upandwe kwa wingi.

Leo mkarafuu uko Indonesia, ambayo ndiyo yenye mavuno makubwa kuliko zote na sehemu kubwa huichoma yenyewe katika sigara zake, uko Bukini katika pwani ya mashariki, uko Visiwa vya Ngazija, Sri Lanka, na kwetu. Huko Bukini liko jimbo liitwalo Analanjirofo, na maana ya jina ni mahali penye msitu wa mikarafuu. Ukizitia alama nchi hizi katika ramani utaona zote zimo katika mkanda mmoja wa joto, na zote zapokea upepo wa bahari.

Lakini majirani wa chumba kimoja hawana bahati moja. Pwani ya mashariki ya Bukini iko katika njia ya vimbunga. Machi 2017 kimbunga Enawo kiliipiga sehemu ya kaskazini-mashariki na kuharibu vanila na mikarafuu. Sisi tuko karibu mno na Ikweta, na vimbunga aghlabu havitufikii. Twasema aghlabu, kwani Aprili 1872 tufani liliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika zaidi, na tokea hapo imekuwa ndiyo kisiwa cha karafuu. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Tabia ya nchi ni mazoea, si ahadi.

KALENDA IKISOGEA

Sasa tufike kwenye neno la vijijini, kuwa nchi imebadilika. Ni kweli au si kweli?

Kwa dunia kwa jumla, ni kweli. Katika miaka 2011 hadi 2020 joto la wastani la dunia lilikuwa juu kwa kiasi cha digrii 1.1 kuliko ilivyokuwa baina ya 1850 na 1900, na mwaka 2024 ulipita digrii 1.5. Sababu kubwa ni moshi wa makaa, mafuta na gesi unaochomwa tangu viwanda vilipoenea, ambao huzuia joto lisitoke angani. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke zaidi, na kwa hivyo mvua kubwa huweza kuwa kubwa zaidi.

Kwa mvua zetu, habari ina mapindi. Vuli yetu hutawaliwa sana na joto la Bahari ya Hindi. Maji ya upande wetu yakiwa ya joto kuliko ya upande wa Sumatra, vuli huja kwa nguvu kwetu, na Indonesia hupata ukame. Ikiwa kinyume chake, sisi ndio tunaokosa. Mwaka 1961, mwaka 1997 na mwaka 2019 vuli ilifurika Afrika Mashariki. Mwaka 2010 na mwaka 2022 mvua ilikuwa haba katika sehemu nyingi. Na vuli huangukia katika miezi ambayo majamvi yetu yamo uwanjani. Basi mwaka wa vuli nyingi mti hushiba na jamvi hulia, na mwaka wa vuli haba jamvi hucheka na mche hufa.

Miaka hiyo mibaya ilikuwako zamani na ipo sasa. Kuona mwaka mmoja mbaya hakuthibitishi kuwa tabia imehama, na kukumbuka kuwa zamani pia palikuwa na mafuriko hakuthibitishi kuwa haijahama. La kuthibitisha ni hesabu ya miaka mingi, mahali pamoja, iliyoandikwa siku kwa siku. Mzee hukumbuka masika makubwa kwa sababu mto ulimchukulia mbuzi wake. Masika ya kawaida hayana mwenye kuyakumbuka.

Na jambo hili si mchezo kwetu. Mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na ukitunzwa huishi zaidi ya umri wa mtu. Mche utakaopandwa masika yajayo utakuwa bado una nguvu katika mwaka 2080. Mwenye kupanda mihogo aweza kufuata hali ya hewa ya mwaka huu. Sisi twapanda kwa tabia ya nchi ya wajukuu zetu.

DAFTARI LA MVUA

Kwa hivyo Kamati yawaomba wanachama jambo moja, nalo halina gharama: kila tawi liweke kipimo cha mvua na daftari.

Kipimo ni kopo lolote lenye ubavu ulionyooka na mdomo sawa na kitako chake. Likae wima mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake. Kila siku saa 3 asubuhi, pima kwa rula kina cha maji kwa milimita, andika tarehe na hesabu, kisha mwaga. Siku isiyo mvua andika sifuri. Usiache pengo, kwani anayesoma baadaye hatajua kama ilikuwa ni kavu au mlikuwa mmelala.

Hesabu hizo ndogo si ndogo. Milimita 1 ya mvua juu ya eka moja ni kiasi cha lita 4,000, yaani madebe 200 ya lita 20. Mvua ya milimita 25 usiku mmoja ni madebe 5,000 juu ya eka yako. Haba na haba hujaza kibaba.

Katika daftari hilo hilo andikeni na mambo ya mti: siku vikonyo vilipoonekana, siku ya kwanza ya kuchuma, siku ngapi karafuu zilikaa jamvini, na miche mingapi ilikufa kiangazi. Baada ya miaka michache tutaweza kuambizana mambo ambayo leo ni ya kubahatisha: kama masika yachelewa, je, tuchelewe kupanda? Kama kipumuo chazidi kuwa kirefu, je, miche itiwe kivuli cha migomba na kumwagiwa maji mwaka wa pili pia? Kama vuli yazidi nguvu, je, tawi lijenge banda la kuanikia lenye paa la plastiki?

Wala tusiache kusikiliza utabiri wa masika na wa vuli unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Utabiri ule hueleza kanda nzima, na daftari lako litakueleza ukanda huo ulifanya nini juu ya shamba lako. Kimoja hakitoshi bila ya kingine.

Na kwa ndugu zetu walioshika mashoka, twasema hivi. Huenda siku ikaja ambapo daftari litasema kuwa mahali fulani mkarafuu hauna tena makao, na siku hiyo chama hiki hakitamzuia mtu. Lakini neno hilo na liletwe na daftari, lisiletwe na uvumi wa barazani. Mti wa miaka 60 hukatwa kwa asubuhi moja, na kuurudisha kwataka miaka mingine 60.

Vipimo vitakaguliwa katika mkutano wa matawi baada ya masika. Tawi litakalokuja na daftari lisilo pengo, tutalisoma mbele ya wanachama wote.

Wasalaam,
Katibu wa Chama